Jinsi ya kusoma aina ya ndege kabla ya kuchagua kiti

Mama yangu ana maumivu ya magoti, na katika safari ndefu hulazimika kusimama kila baada ya muda mfupi. Nilipomkatia tiketi ya kwenda Ulaya nilitafuta safu yenye viti viwili tu, kwa kuwa katika Boeing 777 nyingi zenye viti kumi kwa safu, mwili wa ndege huanza kubana karibu na mkia, na safu chache za mwisho hubaki na viti viwili upande wa dirisha badala ya vitatu. Tovuti ya ratiba iliandika "777" peke yake. Nikafungua mchoro wa viti wa kwanza niliouona, nikachagua safu ya 46, nikaridhika. Tulipoingia ndani tulikuta viti vitatu, mama akakaa katikati, na abiria tusiyemfahamu upande wa njia. Usiku ule mama alimwamsha mara sita, na kila alipomwomba radhi niliumia.

Tangu hapo nimejifunza kusoma kwa makini maandishi madogo yanayotaja aina ya ndege. Tovuti za ratiba na tiketi kwa kawaida hutumia msimbo wa IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) wenye herufi au tarakimu tatu, ilhali zile za kufuatilia ndege zikiwa angani hutumia wa ICAO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga), ambao mara nyingi una nne. Ndiyo maana Boeing 787-8 huonekana kama 788 huku na B788 kule, na Dash 8-400 huwa DH4 au DH8D. Airbus A220-300 ndiyo inayowachanganya wengi, kwani ni 223 kwenye tiketi lakini BCS3 kwenye ramani, kwa sababu ilibuniwa na Bombardier ikiitwa CS300 kabla ya kuwa ya Airbus.

Msimbo huo hutaja umbo la ndege, wala hauhesabu viti. Chukua 788 ileile: ya Kenya Airways ina viti 234, yaani 30 vya daraja la biashara na 204 vya daraja la kawaida, na ya Air Tanzania ina viti 262, yaani 22 na 240. Mchoro wa moja hauwezi kukuongoza katika nyingine. Hata ndani ya shirika moja hali ni hiyohiyo, maana Emirates ina A380 zenye viti 615 zisizo na daraja la kwanza, na nyingine zenye daraja hilo ambazo viti vyake ni pungufu sana, zote zikiandikwa 388.

Kwa hiyo usiishie kwenye jina "777" au "787". Tafuta msimbo kamili, kwa mfano 77W, ambayo ni 777-300ER. Baadhi ya tovuti za michoro huonyesha matoleo mawili au matatu ya ndege moja, na njia ninayoiamini ya kuyatofautisha ni kufungua mchoro wa shirika lenyewe kwa kutumia namba ya tiketi yako, kisha kulinganisha namba ya safu ya mwisho na mahali vyoo vilipo. Vikitofautiana, fuata wa shirika. Rudia kuutazama saa 24 kabla ya kuondoka, kwa sababu ndege iliyopangwa miezi mitatu nyuma huweza kubadilishwa, na viti vikapangwa upya bila wewe kuulizwa.

Safari ya kurudi nilifanya hivyo. Mchoro wa shirika ulionyesha kwamba viti viwili vilianzia safu ya 48, na viwili vya safu ya 49 vilikuwa bado wazi. Mama alikaa upande wa njia, akasimama kila alipotaka.