Chuo kikikalia karatasi zako za uhamisho, anza na barua

Swali linaloletwa kila msimu wa uhamisho ni lile lile: "Nimepata nafasi chuo kingine, cha zamani kimekataa kutoa karatasi kwa sababu ya karo. Nifanyeje?" Sema kwanza ni karatasi gani, maana kila moja ina njia yake.

Cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ni chako. Chuo kilifaa kukikagua, kibaki na nakala, kikurudishie. Kikiwa kimefungiwa kabatini, lipia KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa QMIS ithibitishie chuo kipya matokeo yako moja kwa moja. Ugomvi wa cheti utaendelea pembeni.

Transkripti, yaani orodha rasmi ya alama zako za chuo, ni kesi ngumu zaidi, kwa hiyo chunguza lile deni. Omba taarifa ya karo ya muhula kwa muhula. Wengi huacha masomo bila barua ya kuahirisha au kujiondoa, na mfumo huendelea kuwatoza mihula ambayo hawakusajili hata yuniti (somo) moja. Mihula hiyo ipinge kwa maandishi, uambatishe orodha ya yuniti ulizosajili kutoka kwenye portali. Deni la kweli halipingwi kwa makelele. Pendekeza kulilipa kwa awamu, utaje kiasi na tarehe.

Wakati huo huo, mwandikie msajili wa masuala ya kitaaluma: "Chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba nakala ya alama zangu zote." Kanuni za 2021 zinakipa chuo siku 7, bila malipo. Peleka nakala mbili masijala, moja urudi nayo ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri, siku 7 zinahesabiwa kuanzia lini? Zikipita kimya, lalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi. Alama hizo si transkripti rasmi, ila zinatosha kuiomba idara mpya ianze kulinganisha yuniti. Kwa chuo cha umma kuna pia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: chuo kina siku 21 za kujibu ombi, kisha unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Ombudsman.

Uliyepangiwa chuo na KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, tuma ombi la uhamisho kwenye portali yao kabla dirisha halijafungwa, kwa sababu vyuo vyote viwili lazima viidhinishe. Halafu shughulikia fomu ya kliarensi, ambayo kila idara husaini kuonyesha haikudai kitu, ukianzia maktaba. Kitabu kimoja kilichopotea huzuia saini zote zinazofuata.