Hataza ya Ulaya: wasilisha ombi kabla ya kupeleka kifaa kwenye maonyesho

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama kuna hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) moja inayoshika Ulaya nzima, inachukua muda gani, na kama unaweza kuomba mwenyewe bila wakili. Umesema unaishi Utrecht, wewe na kaka yako aliyeko Dodoma mmebuni kibanio cha kufungia paneli za sola bila kutoboa bati, na mwezi ujao mnakipeleka kwenye maonyesho ya biashara Ujerumani. Mimi nafanya kazi Munich kwenye ofisi ya mawakili wa hataza, upande wa makaratasi na tarehe za mwisho. Si wakili, ila faili za namna hii napita nazo kila siku. Naanza na hayo maonyesho, ambayo hukuyauliza, kwa sababu yanaweza kuua ombi lenu kabla halijazaliwa.

Sheria ya hataza ya Ulaya inataka uvumbuzi uwe mpya duniani kote siku unapowasilisha ombi. Chochote kilichofika kwa umma kabla ya siku hiyo, popote, kwa lugha yoyote, kinahesabika dhidi yako, hata kama aliyekitoa ni wewe. Video ya YouTube, brosha, mada uliyotoa chuoni, kibanio kimoja ulichomuuzia mteja ambaye hamkuandikishana kutunza siri, vyote vimo. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa nafuu baada ya kujitangaza, na watu wakishasoma habari za huko wanakuja Ulaya na imani hiyohiyo. Huku nafuu hiyo haipo. Iko mianya miwili tu, yote ya miezi sita: mtu akitoa siri yako kwa kukudhulumu, au ukionyesha kwenye maonyesho ya kimataifa yanayotambuliwa rasmi chini ya mkataba wa 1928, yaani yale makubwa ya aina ya Expo. Maonyesho ya kawaida ya biashara hayamo. Nimeona kampuni changa ikipokea ripoti ya ofisi ya hataza ambayo waraka wa kwanza uliowaangusha ulikuwa video yao wenyewe, na tarehe yake imeandikwa pembeni. Walikuwa wameiweka mtandaoni kwa furaha tu. Inauma sana kuona hivyo, maana kazi yenyewe ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo wasilisheni kwanza, ndipo muonyeshe, hata kama ni kesho yake. Kabla ya hapo kila fundi au mwekezaji mnayemwonyesha atie saini mkataba wa kutunza siri. Na tafadhali usieleze hapa kwenye uzi jinsi kibanio kinavyoshika.

Sasa kuhusu ofisi yenyewe. Ofisi ya Hataza ya Ulaya si chombo cha Umoja wa Ulaya. Ilizaliwa na mkataba uliosainiwa Munich mwaka 1973, ikaanza kupokea maombi 1978, na leo ina nchi wanachama 39, zikiwemo Uswisi, Norwei, Uturuki na Uingereza. Makao makuu yako Munich, na tawi kubwa liko Rijswijk, jirani na The Hague, si mbali na wewe. Unaomba mara moja, linafanyika shauri moja, kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Ukiandika kwa lugha nyingine, hata Kiswahili, ombi linapokelewa na unapewa miezi miwili ya kuleta tafsiri.

Karatasi za siku ya kwanza ndizo ningetaka uzihangaikie kuliko kitu kingine chochote. Kuna maelezo ya uvumbuzi, michoro, muhtasari na madai. Madai ndiyo mipaka ya kiwanja chako: kilichomo ndani ni chako, kilichobaki nje ni cha yeyote. Kifungu cha 123 cha mkataba kinakataza kuongeza jambo lolote ambalo halikuwemo kwenye ombi lilipowasilishwa, na wakaguzi wa huku wanakisimamia kwa ukali kuliko ofisi nyingi ninazofuatilia. Tuseme umeandika kwamba kibanio kinakazwa kwa skrubu ya chuma cha pua, basi. Baada ya miaka miwili mshindani anatoa chake kinachokazwa kwa kabari, nawe unataka kupanua madai yaseme "kifaa chochote cha kukazia". Utakataliwa, kwa kuwa siku ile hukusema. Kinyume chake pia hutokea: umeandika kwa ujumla mno, mkaguzi anakuonyesha waraka wa zamani unaofanana, na huna jambo mahususi la kurudi nyuma ukalishikilie. Mwandishi mzuri anaweka ngazi: jambo la jumla, kisha aina zake, kisha vipimo, kisha kwa nini kila kimoja kinasaidia. Hapo ndipo pesa ya wakili inapojilipa.

Baada ya kuwasilisha inakuja ripoti ya upekuzi, yaani orodha ya nyaraka za awali zinazokaribiana na uvumbuzi wako. Usitishwe na wingi wa nyaraka, tazama herufi za pembeni. X maana yake waraka huo peke yake unatosha kukunyima upya au ubunifu. Y unakuangusha ukiunganishwa na mwingine. A ni wa kuonyesha mazingira tu. Ripoti yenye A tupu ni habari njema kabisa. Unaweza kuonja hali hiyo mapema kwa kutafuta mwenyewe kwenye Espacenet, hifadhidata ya hataza ya ofisi hiyo mtandaoni, ni bure, na ina nyaraka zaidi ya milioni 150. Tafuta vibanio vya paneli na vya mabati ya kuezekea pia, kwani mkaguzi ataangalia kote.

Miezi 18 baada ya tarehe ya kuwasilisha ombi la kwanza, ombi linachapishwa na dunia yote inalisoma. Ripoti ikishatangazwa una miezi sita ya kuomba ukaguzi wa kina na kulipa ada yake. Hapo mabishano ya kweli yanaanza, mara nyingi juu ya hatua ya uvumbuzi. Mkaguzi huchukua waraka ulio karibu zaidi, anauliza chako kinatofautiana wapi, tofauti hiyo inatatua tatizo gani la kiufundi, na kama fundi wa kawaida wa fani hiyo angefika hapo bila kuumiza kichwa. Jibu kwa mpangilio huohuo, usimwandikie jinsi soko linavyokisubiri. Toka kuwasilisha hadi kupewa, hesabu miaka mitatu hadi mitano, na kuanzia mwaka wa tatu unalipa ada ya kila mwaka hata kama bado hujapewa kitu. Ulinzi wenyewe mwisho wake ni miaka 20 tangu kuwasilisha.

Ofisi ikikubali inakutumia maandishi inayokusudia kuyapitisha. Una miezi minne ya kulipa na kuleta tafsiri ya madai katika lugha mbili rasmi zilizobaki. Swali lako la kwanza linajibiwa hapa. Kwa njia ya zamani, hataza ikishatolewa inakuwa fungu la hataza za nchi mojamoja: unachagua nchi, unatimiza masharti ya kila moja, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu, kisha unalipa ada kila mwaka kila mahali. Ujerumani, Ufaransa na Uingereza hazidai tafsiri zaidi, Uholanzi inataka madai kwa Kiholanzi, Hispania inataka waraka wote kwa Kihispania. Tangu 1 Juni 2023 iko njia ya pili, hataza yenye nguvu moja katika nchi 18 za Umoja wa Ulaya, kwa ada moja ya mwaka. Inaombwa ndani ya mwezi mmoja tu baada ya tangazo la kutolewa, na tarehe hiyo hailegezwi. Hispania na Poland hazimo, na Uingereza, Uswisi na Uturuki haziwezi kuwemo kwa kuwa si za Umoja. Ubaya wake ni kwamba Mahakama ya Pamoja ya Hataza, inayosikiliza kesi za nchi hizo, ikiifuta, imefutika kote kwa siku moja. Kwa kibanio chenu, kama soko ni Uholanzi na Ujerumani tu, mimi ningechukua njia ya zamani.

Hata baada ya kupewa, mtu yeyote ana miezi tisa ya kuweka pingamizi. Mwaka 1994 wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace walipewa hataza ya Ulaya juu ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea. Wanaharakati wakapinga, ushahidi ukaletwa kutoka India kwamba matumizi hayo yalikuwepo zamani, na hataza ikafutwa mwaka 2000. Rufaa nayo ikatupwa 2005. Mwarobaini huohuo tuliokunywa wote utotoni. Mlango wa pingamizi uko wazi kwa mkulima kama ulivyo wazi kwa kiwanda.

Kuhusu wakili: wewe mkazi wa Uholanzi unaruhusiwa kujiwakilisha. Kaka yako akiomba peke yake kutoka Dodoma, anaweza kuwasilisha ombi, lakini hatua zote zinazofuata lazima apitie mwakilishi aliyeidhinishwa. Kwa viwango vya 2024 kuwasilisha kwa mtandao kulikuwa euro 135 na upekuzi euro 1,520, na ada kuu zina punguzo la asilimia 30 kwa watu binafsi na kampuni ndogo kabisa zenye maombi machache. Liombeni.

Hataza ya Ulaya haimzuii mtu kunakili kibanio Dodoma. Tangu ombi la kwanza mna miezi 12 ya kudai tarehe hiyohiyo kwingine, yaani ombi la huko lipimwe kwa tarehe ya lile la kwanza: ama BRELA, ofisi ya usajili ya Tanzania, ama ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, ama ombi la kimataifa la PCT, mkataba wa kuomba nchi nyingi kwa pamoja, ambao Tanzania na Ulaya zote zimo. Miezi hiyo ikipita, ile tarehe ya kwanza haiwasaidii tena huko.

La mwisho: ombi likishachapishwa zitawajia barua zenye nembo zinazofanana na za ofisi rasmi, zikidai maelfu ya euro za "usajili". Ni za matapeli. Linganisheni namba ya akaunti na ile iliyo kwenye tovuti ya ofisi kabla ya kutuma hata senti.