Je, dhambi yangu imepita kiwango cha kusamehewa?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mwaka 2021 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kukopeshana, nikachukua shilingi 400,000 na kuzificha kwenye daftari. Nimetubu kwa Mungu mara nyingi. Tangu hapo mke wangu ameharibikiwa mimba mara mbili, na mizabibu inakauka. Nabii mmoja wa mjini anasema nimemkufuru Roho Mtakatifu, na rehema imefungwa mpaka nitoe sadaka ya ukombozi, 300,000. Ni kweli? (Msomaji, Hombolo)

JIBU: Amina, ndugu yangu. Si kweli. Tena mpime huyo nabii kwa maneno yake mwenyewe: kama dhambi hiyo haisameheki, laki tatu ni za nini? Na kama inasameheka, nani kampa kazi ya kuitoza?

Kumkufuru Roho si wizi, wala si neno lililokuponyoka kwa hasira. Soma Marko 3:22-30. Waandishi, yaani walimu wa Sheria, waliona watu wakifunguliwa, wakasema Yesu anatumia nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Aya ya 30 inataja wazi kwamba onyo lilitokana na hilo. Moyo uliofika huko hauombi msamaha. Wewe unaomba.

Linalonichosha ni hili la kusoma dhambi ya mtu kwenye misiba yake. Mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao (Luka 13:4-5). Akawageukia wasikilizaji, watubu wao. Kwa kipofu wa Yohana 9 alikataa tena. Najua mtaniletea Daudi, aliyesamehewa na bado mtoto akafa (2 Samweli 12). Sawa, lakini nabii Nathani alitumwa kuyasema hayo kabla hayajatokea. Hakuokota msiba akautafutia dhambi, wala hakudai hata shekeli moja. Hukumu ipo, na sote tutasimama mbele ya kiti cha Kristo (2 Wakorintho 5:10), ila hakuna aliyepewa kibali cha kuitangaza kwa kuangalia shamba la jirani.

Mizabibu ikikauka Hombolo, fukua mashina uangalie mchwa kabla ya kufukua laana. Mama mpeleke hospitali apimwe kaswende, presha, sukari na kundi la damu, na wewe upime pamoja naye. Usimwambie kwamba wizi wako ndio uliomwondolea watoto. Huna ushahidi wa hilo, na yeye ana majonzi ya kutosha.

Toba yako ina upungufu, lakini si ule anaousema nabii: fedha za watu bado unazo. Hesabu 5:6-7 inamtaka mkosaji aungame, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwako ni 400,000 na 80,000, jumla 480,000. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne ya alichochukua, lakini alijitolea mwenyewe, usijitwishe hiyo. Nenda kwa mwenyekiti na mweka hazina wa sasa. Taja kiasi, mwaka, na ulivyoficha kwenye daftari, bila kuanza na "kama niliwakosea". Huna zote? Andikianeni awamu mbele ya shahidi, udai stakabadhi kila unapolipa. Mwanachama aliyefariki, fungu lake wapewe ndugu zake. Kikundi kinaweza kukufukuza, hata kukushtaki. Msamaha wa Mungu haufuti hilo. Wala kurudisha hakununui msamaha, huo ulishalipiwa msalabani. Unarudisha kwa sababu ni mali ya watu.

Na ninyi wengine mnaosoma, biashara hii si ngeni. Simoni wa Samaria alileta fedha anunue uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, Petro akamwambia zipotee pamoja naye (Matendo 8:18-20). Hoja za Martin Luther za 1517 zilipinga vyeti vya rehema vilivyokuwa vikiuzwa. Leo ni chupa ya mafuta, chumvi, "mbegu" ya kutuma kwa simu. Ukisikia bei kabla ya maombi, ukikatazwa kumwambia mchungaji, padri au mwenzi wako, ukimaliza kulipia laana moja ikaibuka ya pili, jua uko dukani. Baya kuliko yote ni kuambiwa uache dawa. Mwenye presha, kifafa au virusi vya Ukimwi akiacha vidonge, anayezikwa ni yeye, na nabii haonekani msibani. Ukiambiwa hivyo, ondoka hapo hapo na vidonge vyako.