Mwanza haikui haraka kuliko nchi nzima

Dada, umeuliza kama mtangazaji wa ile podikasti yuko sahihi kwamba Mwanza inakua haraka kuliko Tanzania nzima. Hapana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509, ya 2022 ikapata 3,699,872. Nyongeza ni watu 927,000 na ushee, ndiyo maana inashtua, lakini kwa asilimia ni kama 33 tu. Nchi nzima ilitoka 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani asilimia 37. Halafu hizo za Mwanza ni hesabu za mkoa mzima, Ukerewe, Kwimba na Sengerema zikiwemo (wengi huchanganya hapa). Foleni unayoiona Buzuruga asubuhi ni habari ya jiji, Nyamagana na Ilemela. Nafurahi mno takwimu zikijadiliwa kwa Kiswahili, ila waseme wazi ni mkoa au jiji.