Kumuenzi Mwalimu wa Sarafu kwa Kuhifadhi Alichokijua

Mkusanyaji wa sarafu mwenye maarifa anapofariki, watu huuliza kwanza sarafu zake zitakwenda wapi. Ni swali la haki, lakini tangu nilipompoteza mzee aliyenilea katika fani hii nimeamini kwamba lipo jingine linalopaswa kulitangulia, nalo ni hili: yale aliyoyajua kuhusu sarafu hizo yatabaki kwa nani? Madini hudumu karne nyingi bila kusaidiwa sana. Habari za mahali sarafu ilipotoka, mikono iliyopitia, na sababu za kuihesabu kuwa halali au bandia hukaa kichwani mwa mtu mmoja, na zisipoandikwa huzikwa pamoja naye. Ninaandika kwa heshima ya marehemu, na zaidi kwa ajili ya wasomaji ambao walimu wao wangali hai.

Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alikuwekea sarafu juu ya kitambaa laini, akakupa kioo cha kukuzia, kisha akanyamaza. Hukuruhusiwa kutoa hukumu kabla hujaeleza ulichokiona, na maelezo yenyewe yalipaswa kuanzia ukingoni, kwa sababu watu wengi hutazama picha ya mtawala na kusahau ukingo, na waghushi wanalijua hilo. Sarafu bandia iliyotengenezwa kwa kumimina madini kwenye kalibu mara nyingi huacha mstari mwembamba unaozunguka ukingo mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa iliyotumiwa kuuondoa mstari huo. Baada ya ukingo zilifuata herufi: je, zina pembe kali, au ni butu kama sabuni iliyotumika? Kisha uwanda ulio wazi kati ya picha na maandishi, ambako vitundu vidogo vya mapovu ya hewa hujitokeza. Mizani ilikuja mwisho, kwa kuwa aliamini kwamba anayeanza na namba huacha kutazama. Mpaka leo siijui njia bora zaidi ya kumfundisha anayeanza, na ninamshauri kila anayelea wakusanyaji wachanga aifuate.

Sarafu aliyoipenda kuliko zote kwa kufundishia ilikuwa riale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Mtawala huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa, yaani kutengenezwa, ikiwa imeandikwa mwaka huohuo wa 1780, kwa kuwa wafanyabiashara wa nchi nyingi walikuwa wameizoea na hawakutaka nyingine. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Rome, Paris, London na Bombay, daima ikiwa na mwaka uleule. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshika sarafu hiyo na kutangaza kwamba ina umri wa zaidi ya karne mbili alirudishwa kwenye kioo, akaambiwa ahesabu lulu za bruchi, yaani pambo la kubania nguo, iliyo begani na ayatazame manyoya ya mkia wa tai upande wa pili, kwa sababu vipengele vidogo vya namna hiyo ndivyo vinavyosaidia kutenganisha matoleo ya viwanda mbalimbali na vipindi mbalimbali. Ukingoni husomeka kwa Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, na waghushi wengi wamekwama hapo. Uzito wake halali ni gramu 28.0668, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha halisi. Ukiipima hewani, kisha ukaipima ikiwa imening'inizwa ndani ya maji, na ukagawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili, jibu linapaswa kukaribia 10.2. Jibu likiangukia mbali na hapo, usijishawishi kwamba mizani imekosea. Rudia kipimo, na likitokea tena lile lile, iweke sarafu kando.

Vipimo vyote hivyo, hata hivyo, havikuambii sarafu ilipitia wapi, na hapa ndipo ninapoona mchango wake mkubwa zaidi. Kila sarafu yake ilikuwa na bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na juu ya bahasha aliandika ilikopatikana, tarehe, uzito, kipenyo, na maoni yake pamoja na mashaka aliyokuwa nayo. Sarafu ilipomjia na karatasi ya mmiliki wa zamani, hata iwe imechakaa au ina makosa, hakuitupa. Aliihifadhi ndani na kuandika masahihisho yake pembeni. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa mzigo. Mimi nauona kuwa ndio kiini cha elimu ya sarafu. Sarafu zilizofukiwa pamoja, kwa mfano, husema jambo ambalo sarafu moja haiwezi kulisema: iliyo ya karibuni zaidi miongoni mwake huonyesha kwamba hazina hiyo haikufukiwa kabla ya mwaka wake. Zikitawanywa bila maandishi, ushahidi huo hautarudi tena. Vilevile, tangu Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni, makumbusho mengi huuliza kitu cha kale kilikuwa wapi kabla ya mwaka huo, na mtu mwenye sarafu ya kale isiyo na karatasi yoyote huwa hana la kujibu.

Ikiwa mwalimu wako yuko hai, basi nenda kwake na daftari. Usimuulize tu kama sarafu ni halali. Muulize alichokiona hata akasema hivyo, na uandike maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe, kwa sababu mtaalamu mkweli hubadilisha maoni na ni vema mabadiliko hayo yaonekane. Omba ruhusa ya kurekodi sauti anapoeleza sarafu anazozijua sana. Piga picha za pande zote mbili na za ukingo, na katika picha hiyohiyo iwepo bahasha. Anza na sarafu zisizo na maandishi yoyote, maana hizo ndizo zinazomtegemea yeye peke yake. Zilizoandikwa vizuri zinaweza kusubiri.

Kwa familia zilizobaki na mkusanyo wa marehemu, nina ombi moja ninalolisema kwa uzito wote: msizisafishe. Utando mweusi au wa rangi rangi juu ya sarafu ya fedha hutokana na salfa iliyomo hewani, na kuusugua huondoa sehemu ya juu ya madini yenyewe pamoja na alama ndogo ambazo mtaalamu angezisoma. Kinachohitaji kushughulikiwa mapema ni vifuko vya plastiki laini yenye PVC, ambavyo vikizeeka hutoa ute wa kijani unaokula sarafu. Zitoeni humo kwa kuzishika ukingoni, ziwekeni kwenye karatasi isiyo na asidi au plastiki ya polyester, na hakikisheni kwamba kila moja imebaki na bahasha yake. Ute uliokwisha kushika mwachieni mwenye uzoefu wa kuuondoa kwa asetoni safi. Kuhusu kuuza, tafuteni makadirio ya wataalamu wawili wasiohusiana, na wasiokusudia kununua wao wenyewe.

Sisi wanafunzi wake tumekubaliana kwamba sifa za mdomoni hazitoshi. Tunakusanya maelezo yake katika orodha moja, sarafu kwa sarafu, na nakala yake inapaswa kuwekwa mahali ambapo watafiti wataifikia, kama vile maktaba au makumbusho, si nyumbani kwa mmoja wetu. Kila maoni yaliyokuwa yake yanaandikwa kwa jina lake, hata yale ambayo tumeyarudia mara nyingi mpaka yakaonekana kuwa ya kwetu. Lipo pia jambo ambalo baadhi ya wenzangu waliliona gumu mwanzoni: kuyapima maoni yake upya. Sioni utovu wa adabu ndani yake, kwani yeye mwenyewe aliyaandika mashaka yake waziwazi ili mwingine ayafuatilie. Pale ushahidi mpya unapopingana na alichoandika, hatufuti. Tunaongeza mstari chini yake, wenye jina la aliyepima, tarehe, na kipimo alichokipata, ili atakayeishika sarafu hiyo baadaye asome hoja zote mbili na aitazame mwenyewe, akianzia ukingoni.