Kuhusu kuigiza Fawlty Towers jukwaani

Mkuu, umeuliza kama kikundi chenu cha ridhaa kinaweza kuigiza Fawlty Towers, komedi ya televisheni ya Uingereza kuhusu hoteli moja, bila kuiharibu. Kinaweza. Vikundi vya Uingereza hufanya hivyo sana, mara nyingi kwa kuunganisha vipindi vitatu viwe onyesho la jioni moja. Vyote ni 12 tu, 6 vya 1975 na 6 vya 1979. Mimi ningeanza na kile cha Bi Richards, mgeni kiziwi anayezima kifaa chake cha kusikia eti kinamaliza betri. Kinategemea maneno kuliko vituko vya kamera.

Shida kubwa ni kuhama. Kwenye televisheni Basil, mwenye hoteli, yuko mapokezi, mara yuko chumbani. Jukwaani lazima akimbie mwenyewe. Jengeni seti moja: kaunta katikati, meza za chakula pembeni, ngazi nyuma, na milango imara (itabamizwa hiyo!).

Basil wenu asimwige John Cleese, aliyemcheza kwenye televisheni, atalinganishwa na kuumbuka. Manuel, mhudumu Mhispania, naye msimfanye zuzu: anajitahidi kwa Kiingereza kidogo alichonacho, kituko ni bosi wake.

Kibali cha wenye haki kiombwe kabla ya mazoezi, hata kama hakuna kiingilio.