Mtemi Hawekezwi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Kitenzi cha Kiingereza "invest" nimezoea kukifasiri "wekeza". Juzi nilikikuta katika habari za watemi wa Unyamwezi, nikaandika kwamba mtemi "aliwekezwa", na wazee wa kikundi wakaangua kicheko. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, wazee wamecheka kwa haki. Asili ya kitenzi hicho ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kuvika nguo; ndiyo sababu hutumika kwa mtu anayevikwa vazi la cheo na kukabidhiwa madaraka, ambaye sisi husema amesimikwa au ametawazwa. Maana ya fedha ilitokea Italia, ikaingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17, kwa fikra kwamba fedha inayotiwa katika biashara huvuliwa umbo lake na kuvishwa jingine: leo noti, kesho mizinga, msimu ukiwa mwema asali. Ipo pia maana ya kijeshi, ya kuzingira ngome, ambayo siku hizi ni adimu. Ukikikuta kitenzi hicho pamoja na boma la Mtemi Isike, ambalo Wajerumani waliliteka Januari 1893, usidhani kwamba walimpelekea mtaji.

"Wekeza" yetu haina upana huo. Imetokana na "weka" kupitia "wekea", kama "pokea" inavyozaa "pokeza", na imejifunga kwenye mali inayotarajiwa kuzaa. Kwa hiyo fedha iliyolala katika sanduku la kikundi imewekwa akiba, haijawekezwa. Ikinunua mizinga, hapo mtasema "tumewekeza fedha katika mizinga", wala si "tumewekeza mizinga", kosa ninalolikuta hata katika taarifa za miradi.

Waingereza hukitumia kitenzi chao hata kwa mtu aliyenunua viatu vya bei kubwa vitakavyodumu. Kwetu huyo amenunua viatu vya maana, basi. Kuhusu "kuwekeza muda", vijana wamekwisha kuuzoea usemi huo nami siupingi, ingawa mzee aliyekesha akilinda mizinga yake angeona inatosha kusema kwamba ameitolea jasho.

Katika tafsiri yako, andika "mtemi alisimikwa".